Shajara ya mradi: rampu, choo na ubao wa shule yetu, Muheza

Jumamosi 8 Juni 2024

Shule imefungwa na leo ndo tumeanza rasmi. Kwa ambao hawakuwepo kwenye kikao cha kwanza, mradi wetu ni huu: madarasa mawili ya zamani, la tatu na la saba, pamoja na choo, yarekebishwe ili mtoto yeyote wa kata yetu aingie asome, awe anatembea au anabebwa, anaona au haoni. Sio jengo jipya. Hela ya jengo jipya hatuna, na hata tungekuwa nayo mimi ningeanza na haya yaliyopo maana watoto wapo sasa hivi na wanakua.

Leo sikwenda na ramani, nilimwomba Bibi aje na mjukuu wake. Huyu bwana mdogo yupo la tatu, miguu yake haina nguvu, na tangu la kwanza Bibi ndo anambeba mgongoni asubuhi na kumfata mchana. Mwaka huu kapata kitimwendo. Lakini kitimwendo kinaishia uwanjani, chini ya mwembe, kwa sababu mlango haupitiki na ngazi zipo tatu. Akifika pale anabebwa mpaka kwenye dawati, kiti kinabaki nje kinapigwa jua.

Tumempima akiwa amekaa. Kiti upana sm 62, ila akishika magurudumu viwiko vinatoka nje, inakuwa 78. Mlango uwazi wake sm 75. Magoti yake hayaingii chini ya dawati. Sakafu iko juu ya uwanja kwa sm 48. Hizi namba nne nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani ofisini, fundi yeyote akija aanzie hapo.

Bibi ameniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo mimi nitapumzika?" Nimemjibu Bibi, mungu akipenda utapumzika. Ana mgongo unaomsumbua, sikutaka kumwahidi zaidi.

Jumanne 11 Juni

Kikao cha kamati ya shule na wazazi. Kimekuwa kirefu.

Mzee mmoja tunayemheshimu sana kasimama akauliza kwa nini tusiwapeleke watoto hawa kwenye shule zao, si kuna Irente kule Lushoto? Swali halikuwa baya na aliuliza kwa nia njema, kwa hiyo nilimjibu taratibu. Irente ni shule nzuri ila ni ya wasioona, huyu wetu macho yake ni mazima, ni miguu tu. Ukimtoa hapa unamtenga na dada yake, na Bibi, na wenzake anaocheza nao, na kwa kosa gani? Nikawasomea pia kwamba nchi yetu imeridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu tangu 2009, na kifungu cha 24 cha mkataba huo kinazungumzia elimu jumuishi, halafu tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Yani mtoto kusoma shule ya jirani na kwao ni haki yake, hatumfanyii hisani.

Nilipokuwa Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, tulisoma Azimio la Salamanca la 1994 mpaka tukalikariri. Lile azimio linasema shule ndo ijipange kumpokea mtoto, sio mtoto ajibadilishe aifae shule. Kwenye mtihani nilijibu vizuri. Kuielewa nimeielewa leo nikiwa nawaangalia wazazi wanahesabu vidole nani alete kokoto nani alete mchanga.

Kuhusu hela. Kuna aliyesema elimu ni bure tangu 2016 basi serikali ilete. Mwalimu mkuu akamfafanulia, ruzuku inayoingia kwenye akaunti ya shule ni sh 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na hiyo ndo chaki, ndo karatasi, ndo kufuli, ndo mtihani. Rampu haitoki humo. Tukakubaliana: nguvu kazi ni msaragambo (kazi ya pamoja ya kujitolea), saruji na nondo ni michango ya wazazi na waliosoma hapa zamani. Zimeahidiwa mifuko 38 na imeshafika 21.

Jumamosi 15 Juni

Msaragambo. Wamekuja watu wengi kuliko nilivyotarajia, na wengi wao hawana mtoto mwenye ulemavu nyumbani. Kina mama wamebeba mchanga toka mtoni, vijana wamebomoa fremu za milango miwili. Tunatoa sm 75 tunaweka 95. Tumekula mihogo na chai, saa nane tumefunga. Jumatatu ni Idi kwa hiyo kazi inaendelea Jumanne.

Alhamisi 20 Juni

Leo nimeumia.

Nilisafiri Jumanne na Jumatano kufuatilia nondo, nimerudi nakuta rampu imeshamwagwa na imeshakauka juu. Ina mita 3. Kwa kimo cha sm 48 inatakiwa kila sentimita 1 ya kupanda uwe na 12 za kwenda mbele, yani 48 mara 12, mita 5 na sm 76. Fundi mkuu hakuifata ile karatasi ya ukutani, anasema rampu zote alizojenga maishani ni za hivi na hamna aliyelalamika. Nikamwambia fundi, hukulalamikiwa kwa sababu hakuna aliyeweza kuzipanda, wasioweza hurudi nyumbani na wewe huwaoni tena.

Tukamwita bwana mdogo ajaribu. Kapanda kama mita moja hivi, mikono inatetemeka, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, inanivuta nyuma." Dada yake akamdaka kwa nyuma. Fundi mkuu aliangalia pale kwa muda bila kusema kitu, akaenda kuchukua nyundo mwenyewe.

Mifuko 6 ya saruji imepotea. Imeniuma sana hiyo mifuko maana najua imetoka kwa nani, kuna mama anauza machungwa stendi alichangia mfuko mzima. Nitaenda kumwambia mwenyewe ana kwa ana, sitaki aje asikie kwa watu.

Jumatano 26 Juni

Nilienda. Kaniambia, "Bomoeni tu mwalimu, ikae sawa." Na kaongeza sh 5,000.

Jumamosi 29 Juni

Rampu mpya. Kwa kuwa uwanja mbele haukutosha, tumeilaza sambamba na ukuta wa darasa, inapanda polepole halafu juu kabisa kuna sehemu ya tambarare mita 1.5 kwa 1.5 ili kiti kiweze kugeuka kabla ya kuingia mlangoni. Upana mita 1.2. Pembeni tumeweka kingo za sm 10 gurudumu lisichomoke. Zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na watoto wa jirani wamepewa kazi ya kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7.

Kitu kimoja nataka wengine wanaojenga wakijue. Mafundi wetu wanapenda kumalizia kwa niru, yani saruji tupu iliyokorogwa na maji, sakafu inakuwa nyororo inang'aa, inapendeza kwa macho. Kwenye rampu niru ni hatari, mvua ikinyesha inakuwa kama umepaka sabuni. Fundi mkuu safari hii kaja na wazo lake mwenyewe: kabla haijakauka kachukua fagio la chelewa akaliburuza kwa upana, kushoto kulia, toka chini mpaka juu. Ikabaki mistari midogo midogo kama ngozi ya samaki. Nimepita pekupeku baada ya kukauka, inashika mguu vizuri sana.

Jumatatu 1 Julai

Shule imefunguliwa. Saa moja na nusu bwana mdogo kapanda mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kapumzika mara moja. Darasa zima lilitoka nje kuangalia. Bibi alikuwa amesimama chini ya mwembe na kanga yake ya kumbebea bado iko begani, nadhani aliileta kwa mazoea.

Seremala ameleta meza, kimo sm 68, magoti yanaingia.

Jumatano 10 Julai

Darasa la saba tulipaka ubao wakati wa likizo, tukatumia rangi ya mafuta nyeusi tuliyopewa na mfadhili. Ukawa unameremeta na sote tukausifia. Leo binti mmoja mwenye ualbino, anakaa mbele kabisa, nimeona anaandika kwa kuangalia daftari la jirani yake. Nikamfata mapumziko nikamuuliza taratibu. Akasema, "Ubao unawaka mwalimu, naona dirisha tu."

Nilikaa kwenye dawati lake. Ni kweli kabisa. Kuanzia saa tatu jua linapiga dirisha la kulia, lile dirisha lote linaonekana ndani ya ubao, chaki haisomeki. Na huyu ana uoni hafifu na mwanga unamuumiza macho, mimi mwenye macho yangu nimepata shida. Alikuwa kwenye hali hiyo wiki nzima na hakusema, kwa sababu alidhani tatizo ni lake. Sijui ni watoto wangapi nimewafundisha miaka yote hii wakidhani hivyo.

Ijumaa 12 Julai

Tumepiga msasa ubao wote. Mwalimu mstaafu jirani yetu katufundisha njia ya zamani, mkaa uliosagwa unachanganya na majani ya maboga unasugua mpaka ukolee. Haumeremeti hata kidogo. Tutanunua rangi halisi ya ubao hela ikipatikana ila kwa sasa huu unafanya kazi. Dirishani tumeweka pazia la kitambaa cha kijani, na binti kahamia upande wa kushoto ili mwanga utokee nyuma ya bega lake. Kofia anavaa mpaka darasani, nimewaambia walimu wote asivuliwe kwa kisingizio cha sare.

Ijumaa 26 Julai

Haya, choo. Hapa nitaandika kirefu kwa sababu naona ndo kiini cha mradi mzima na mwanzoni sikujua.

Wiki iliyopita Bibi alikuja ofisini, tukasalimiana, akakaa kimya kidogo, halafu akasema mjukuu wake hanywi maji. Asubuhi anakunywa uji nusu kikombe, akija shule hanywi kitu mpaka anarudi saa tisa. Na Muheza hii joto tunalijua. Nikadhani anaumwa. Bibi akasema haumwi, anaogopa haja. Choo chetu ni cha matundu, kuna ngazi mbili, mlango sm 60, ndani pamelowa, na yeye akienda lazima atambae kwa mikono. Yani aweke viganja pale. Mtoto wa miaka tisa kapiga hesabu yake mwenyewe kwamba bora kiu.

Nilijisikia vibaya sana. Tumeshangilia rampu wiki tatu, tumepiga picha, na mtoto ndani ya darasa amekaa na kiu.

Kwa hiyo mpango umebadilika, silingi (dari chini ya bati) tuliyopanga kuweka la tatu inasubiri, saruji yote iliyobaki inaenda chooni. Chumba kimoja mita 1.8 kwa 2, mlango sm 90 na unafunguka kwa nje (ukifunguka kwa ndani na kiti kikiwepo haufungiki tena, na mtu akianguka nyuma ya mlango huwezi kumtoa). Hakuna ngazi, kimeungana na uwanja kwa mteremko mdogo. Kiti cha kukalia cha saruji kimo sm 42, sawasawa na kimo cha kiti chake ili ahame kwa kusogea pembeni bila kujinyanyua. Pande zote mbili mabomba ya chuma ya kushikilia, tulimwita akaonesha mwenyewe kwa mkono anapofikia, ikatoka sm 65. Komeo tumelishusha. Ndoo ya maji yenye bomba iko chini anapofikia, sabuni pia.

Na tumewaita mabinti wakubwa wawili watuambie wanahitaji nini, wakasema ndoano ya kutundikia nguo, ndoo yenye mfuniko, na mlango usiwe na nafasi ya kuchungulia chini. Hayo mimi nisingeyaandika peke yangu.

Jumanne 13 Agosti

Tumepata mwanafunzi mpya! Mtoto wa kike haoni kabisa, ana miaka 9 na hajawahi kukaa darasani. Mama yake alisikia habari za rampu akaja kuuliza, "Mwalimu, na wangu mtampokea?" Rampu haimsaidii chochote mtoto asiyeona, ila ile rampu ndo ilimwambia mama kwamba hapa mnaulizika.

Mashine ya nuktanundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, hatuna, tumeandika barua kuomba. Wakati tunasubiri nimechukua trei ya mayai. Trei moja ya mayai 30 ukiikata vizuri inakupa vipande vitano, kila kimoja matundu sita, mawili kwa matatu, na nuktanundu ni nukta sita hizo hizo. Badala ya mayai tunaweka ndimu. Ndimu moja juu kushoto, hiyo ni a. Ndimu mbili kushoto, juu na katikati, hiyo ni b. M ina ndimu tatu: kushoto juu na chini, kulia juu.

Leo tulipanga vipande vinne mezani. Alipitisha vidole taratibu, kipande kwa kipande, huku midomo inacheza. Akarudia mwanzo. Ndimu nane. Halafu akasema "mama", na akageuza uso upande ule ambao mama yake alikuwa amekaa, kwenye kona, hakuwa ameongea asubuhi yote.

Wenzake darasani sasa wote wanataka trei. Nimeruhusu. Mapumziko wanafumba macho wanasomana majina.

Jumamosi 31 Agosti

Nilipita shule kuangalia rangi, nikakuta choo kipya kina kufuli. Ndani kuna majembe, mafagio na ndoo za rangi. Ufunguo anao mtu mmoja na siku hiyo hayupo. Nimeambiwa kimefungwa "kisichafuliwe". Naelewa nia, choo ni kizuri kuliko vyote na kila mtu anakitaka. Lakini choo kikifungwa mtoto anarudi kwenye hesabu yake ya kiu, na hatasema. Nimeongea na mwalimu mkuu, kufuli imetoka leo leo, vifaa vimehamia stoo. Usafi utafanywa na zamu kama vyoo vingine, na watakaotumia ni wenye uhitaji kwanza kisha wengine. Kila Jumatatu nitapita mwenyewe kuangalia, nimeliandika kwenye ratiba.

Alhamisi 12 Septemba

Mtihani wa kumaliza la saba umeisha, jana na leo. Binti yetu mwenye ualbino kapewa karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwa masomo mengine, ndo utaratibu wa Baraza la Mitihani. Ila karatasi haziji kwa bahati, lazima shule imsajili mapema na hali yake iandikwe. Walimu wenzangu msisahau hili, usajili unafanyika miezi mingi kabla, na mtoto ambaye hakuandikwa atafanya mtihani wa maandishi madogo kama kila mtu.

Kaniambia Hisabati alimaliza na muda ukabaki.

Jumatatu 23 Septemba

Leo ni siku ya kimataifa ya lugha za alama. Nimeenda kitongoji cha pili kuonana na familia ya mapacha viziwi, miaka 7. Hapa sina habari nzuri. Tuna chumba, tuna madawati, hatuna mwalimu hata mmoja anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania kwa kiwango cha kufundishia, mimi mwenyewe najua salamu, herufi na maneno machache, siwezi kufundisha sayansi kwa hayo. Kuwaingiza darasani wakae kimya mpaka la saba halafu tuseme shule yetu ni jumuishi, hapana, siwezi kufanya hivyo. Saruji haitatui hili. Nimeandika kwa afisa elimu maalumu wa wilaya kuomba mwalimu, na nimempa baba yao jibu la kweli badala ya kumpa matumaini. Alinishukuru, ila mama yao hakunitazama.

Jumatatu 21 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza. Rampu imesimama vizuri, haitelezi. Ila mwisho wa rampu chini maji yanatuama, gurudumu linazama kwenye tope, tumejaza kokoto kwa muda na inabidi tuchimbe mfereji.

Na bati. Mvua ikipiga, darasa la tatu hakisikiki kitu, hata mimi nikipiga kelele. Watoto wanaoona wanaangalia ubao. Yule binti asiyeona amekaa pale na sauti ndo kila kitu kwake, kwa hiyo mvua ikinyesha kwake somo limekufa. Silingi ile tuliyoiahirisha kwa ajili ya choo sasa inadai. Sijutii, ila inadai. Kwa sasa mvua ikianza tunaacha kufundisha kwa mdomo, wanafanya kazi za mikono, yeye na trei yake na dada mkubwa mmoja anayemsaidia.

Ijumaa 8 Novemba

Bibi kapita shule bila kuitwa na bila kanga ya kubebea. Alikuja kuomba chupa kubwa, ile ndogo ya mjukuu inaisha kabla ya mapumziko ya saa nne.

Mashine ya nuktanundu bado. Silingi tumefikia bodi 9 kati ya 24. Mfereji unachimbwa kesho kuanzia saa moja asubuhi, mwenye jembe na koleo aje navyo, na fundi mkuu kasema safari hii atakuja na pima maji na ile karatasi ya ukutani.